Baada ya kitabu cha mtihani: riwaya za kusoma ukiwa Garsen

Kila mtihani wa kidato cha nne unapomalizika, vijana hupita katika duka langu la fotokopi hapa Garsen na mifuko ya vitabu mikononi. Wanataka kuviuza. Vile vya hesabu na kemia huvichukua, maana mdogo wa mtu fulani atavihitaji Januari. Riwaya na hadithi fupi huwa zimechorwachorwa kwa wino mwekundu, "sifa za wahusika" pembeni, "maudhui" juu, "swali la 2019" chini. Huwa nazichukua pia, kwa bei ya kutupa.

Msimu uliopita alikuja binti mmoja wa upande wa Tarasaa na nakala yake ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Akaiweka mezani, akasita, akairudisha mfukoni. "Baba, hiki siuzi," akasema. "Hakuna chengine kama hiki? Lakini kisiwe cha mtihani."

Nilibabaika. Nimeuza karatasi na vitabu miaka mingi na swali hilo sikuwa nimeulizwa na mtu wa miaka kumi na minane. Nikampa jina moja, nikamwambia arudi wiki ijayo nimpe mengine. Haya ninayoandika ni yale niliyomwandikia kwenye karatasi, na mengine niliyoyakumbuka baadaye, kwa faida ya yeyote wa huku kwetu anayependa kusoma na hajui aanzie wapi.

Kwanza tuseme ukweli wa mahali tulipo. Msomaji wa Mombasa au Nairobi anaweza kuingia duka la vitabu bila kujua anataka nini, akapapasa rafuni, akasoma ukurasa wa kwanza, akakirudisha, akachukua kingine. Sisi hatuna anasa hiyo. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na hata ukifika huko, sehemu kubwa ya rafu ni vitabu vya shule. Ukienda kaskazini unafika Hola, kisha Garissa, ambako tangu 1996 shirika la maktaba la taifa limekuwa likipeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji. Ngamia hao hawajafika Minjila. Kwa hiyo mtu wa Delta lazima ajue jina la kitabu kabla hajalipa nauli au kutuma pesa kwa simu.

Njia rahisi kuliko zote ni kumfuata mwandishi unayemjua tayari. Ajabu ni kwamba shule zetu humfundisha mtoto riwaya moja kwa miaka miwili, akaijua mpaka nukta, lakini hakuna anayemwambia kwamba mwandishi huyo ameandika nyingine. Momanyi aliandika Tumaini na Nakuruto kabla ya Nguu za Jadi. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea, ile ya Mtemi Nasaba Bora na kijana aliyeibiwa mswada wake, wengi hawajui kwamba Ken Walibora alianza mbali na hapo, na Siku Njema ya 1996. Ile ni safari ya kijana Kongowea, ambaye mama yake alikuwa mwimbaji wa taarab Tanga, akivuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kwa mtu wa Pwani, sehemu za mwanzo zina ladha ya nyumbani. Walibora alifariki Aprili 2020 na kuacha kabati zima la vitabu, vikiwemo vya watoto, na ni jambo la kusikitisha kumjua kwa kimoja tu.

Kitabu chake ninachokisukuma zaidi hapa ni Kufa Kuzikana, kilichotoka 2003. Kinahusu marafiki wawili, Akida na Tim, wa makabila mawili yanayouana. Nchi yenyewe ni ya kubuni. Lakini mtu aliyekuwa Delta Agosti 2012, wakati wa mapigano kati ya wakulima na wafugaji, haoni kama ni ya kubuni. Nilimwazima kijana mmoja ambaye jamaa zake walihama kijiji mwaka ule wakiwa na magodoro kichwani. Alikaa nacho miezi miwili. Aliporudisha hakusema neno kuhusu hadithi. Aliniuliza tu kama anaweza kumpa rafiki yake asome kabla hajakirudisha rasmi. Rafiki huyo ni wa upande wa pili. Nikamwambia achukue. Sikukiona tena kwa mwaka mzima, na sikukidai.

Said Ahmed Mohamed naye afuatwe. Wazazi wengi wa leo walisoma Utengano shuleni na bado wanamkumbuka Maimuna na baba yake Maksuudi. Wachache wameendelea hadi Asali Chungu, Dunia Mti Mkavu au Kiza katika Nuru. Tahadhari moja: vitabu vyake vya baadaye, kama Babu Alipofufuka, vimeandikwa kwa namna nyingine kabisa. Wafu wanazungumza, wakati unajikunja. Mimi nilikiacha mara ya kwanza nikiwa nimekasirika, nikakirudia miaka mitatu baadaye nikakipenda. Vivyo hivyo kwa Euphrase Kezilahabi. Anza na Rosa Mistika, ambayo ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda kwa kusema wazi yale yanayowapata wasichana, au na Kichwamaji. Mtu akikupa Nagona kuwa kitabu chako cha kwanza cha Kezilahabi, hakutakii mema.

Mkusanyiko mmoja, waandishi kumi

Kama pesa ni ya kitabu kimoja tu, nunua mkusanyiko wa hadithi fupi. Si kwa sababu hadithi fupi ni nyepesi, bali kwa sababu kila hadithi ni mlango wa nyumba nyingine. Tena mikusanyiko hii ndiyo ipatikanayo kwa wingi na kwa bei ndogo, maana ilikuwa ya mtihani, na vijana wanaiuza kwa watu kama mimi.

Chukua Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Walibora na Said Ahmed Mohamed mwaka 2007. Ndani yake mna hadithi iitwayo Mke Wangu, ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Wanafunzi waliisoma wakacheka, wakajibu maswali, wakaenda zao. Hawakuambiwa kwamba mzee huyo ndiye aliyemzaa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko ambaye haendi popote bila kufikiri, na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, kikafuatwa na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Ni riwaya za upelelezi lakini zina Kiswahili ambacho ukikisoma kwa sauti barazani, wazee huacha bao na kusikiliza. Nimejaribu, nimeona.

Au chukua Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ya wahariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Aliyependa Mame Bakari humo, basi mwandishi wake, Mohammed Ghassani wa Pemba, ni mshairi mwenye diwani. Na Chokocho mwenyewe ana hadithi zaidi ya moja katika kitabu hicho, na nyingine katika Damu Nyeusi. Ukizoea kutazama majina badala ya "maudhui", kitabu cha mtihani kinageuka kuwa orodha ya marafiki wa kutembelewa.

Hapa niseme neno juu ya miongozo, vile vijitabu vinavyoeleza riwaya kwa muhtasari. Ninaviuza, vinanilipia kodi ya duka. Lakini nimewaona watoto wanaosoma mwongozo tangu mwanzo hadi mwisho na riwaya yenyewe haijafunguliwa hata kurasa zake hazijaachana. Huyo humlaumu vipi akisema Kiswahili kinachosha?

Riwaya zenye historia ndani

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wateja wangu, kwa sababu mtu mzima asiyependa "hadithi za kutunga" mara nyingi hushikwa na riwaya ya historia. Humwambii ni hadithi. Unamwambia ni habari za watumwa, au za mgomo bandarini, akachukua.

Ya zamani kuliko zote ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, aliyekulia Freretown, ile sehemu ya Kisauni walikowekwa watu walioopolewa katika majahazi. Wengi wanaihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, ingawa ni nusu hadithi nusu kumbukumbu. Inamsifu Mwingereza kupita kiasi, na msomaji wa leo atakunja uso mahali fulani. Isome hivyo hivyo. Huku kwetu utumwa si habari ya mbali: misitu ya Witu ilikuwa kimbilio la watoro waliokimbia mashamba ya pwani, na mtawala wa Witu, Ahmed Fumo Luti aliyeitwa Simba, aliwapokea.

Anayetaka riwaya ya historia iliyokomaa, nampa Adam Shafi. Kuli, ya 1979, inaelezea maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa 1948. Kijana Rashidi anaanza bila kujua kusoma barua na anamaliza akijua kwa nini tumbo lake halishibi. Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka uliotangulia ni ya mashamba ya karafuu na mapinduzi ya 1964, ikionwa kutoka jikoni na shambani. Vuta n'Kuvute, ya 1999, inarudi nyuma kidogo, miaka ya kupigania uhuru: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anakimbia ndoa na kukutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni. Amil Shivji aliitengenezea filamu iliyotoka 2021. Ukitaka kumvuta kijana asiyesoma, mwonyeshe filamu kwanza, kisha mwambie kitabu kina mengi ambayo filamu haikuyaweka. Haini, ya 2003, ni nzito zaidi, ya jela na mateso baada ya kiongozi kuuawa. Nikilazimishwa kuchagua kimoja cha Shafi kwa mtu wa Garsen, ningechagua Kuli. Ni kifupi, na watu wetu wengi wamewahi kubeba magunia.

Jirani yake rafuni nimweke Muhammed Suleiman Mohamed na Nyota ya Rehema, 1976. Inahusu binti aliyekataliwa na upande wa baba yake, na mumewe Sulubu aliyelima shamba ambalo hati yake iko mikononi mwa wengine. Mtu wa Delta hahitaji kuelezwa maana ya kulima ardhi usiyo na karatasi yake. Nakala yangu ilichukuliwa na maji ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, pamoja na boksi zima nililoliweka chini kwa uvivu. Nimekuwa nikiitafuta nyingine tangu hapo.

Kuna kitabu kimoja cha Tanzania ambacho nashangaa hakijulikani Delta: Makuadi wa Soko Huria, cha marehemu Seithy Chachage, kilichotoka 2002. Kimechota katika mzozo wa mradi wa kamba kwenye delta ya Rufiji, wakati wawekezaji walipotaka mikoko na maji ya watu. Badilisha Rufiji uweke Tana, badilisha kamba uweke miwa, nawe utakuwa umekumbuka mabishano yetu wenyewe ya 2008 na kuendelea kuhusu mashamba makubwa ya sukari. Chachage alikuwa profesa wa sosholojia na mahali pengine anahutubia. Ninamsamehe, kwa sababu anayahutubia mambo yanayonihusu.

Mwenye subira, na hasa mkulima, amtafute Aniceti Kitereza. Huyu alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji kwa sababu lugha ilikuwa na wasomaji wachache, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Alifariki mwaka uliofuata. Jina lake refu ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na urefu wa kitabu unalingana na jina. Mume na mke wanapendana na hawapati mtoto; hilo ndilo linalokwenda kurasa zote zile, pamoja na jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa, jinsi mkwe anavyosalimiwa, jinsi mgonjwa anavyotibiwa. Mama mmoja wa Ngao aliyekisoma nusu aliniambia kwamba kinakwenda polepole kama mto wakati wa kiangazi. Nusu ya pili bado anayo.

Wengine nawapitia haraka: Kwaheri Iselamagazi ya Bernard Mapalala, ya enzi za Mirambo wa Unyamwezi, Kaburi bila Msalaba ya Peter Kareithi, 1969, ya vita vya Mau Mau. Hiyo ya pili nataka vijana wa kaunti hii waisome kwa sababu sehemu ya historia hiyo iko kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Wanafunzi wanaopanda basi kupita Hola kila mwezi hawajui.

Na kuna Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na watu wa Pwani tukajivuna kwa mtu ambaye wengi wetu hatukuwa tumemsoma, kwani anaandika Kiingereza. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake ya 1994, ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Mtoto Yusuf anatolewa na wazazi wake kufidia deni kwa tajiri anayemwita ami, anaingia dukani kutumika, kisha anafuata msafara kwenda bara, miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Nilisoma Kiingereza chake zamani nikiwa na kamusi. Kwa Kiswahili nilihisi watu wale wamerudi kuzungumza lugha waliyokuwa wakizungumza tangu hapo.

Mto wetu uliandikwa na nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Malindi, kwa mtu anayeuza vitabu chakavu, kitabu cha Kiingereza cha H. Rider Haggard kiitwacho Allan Quatermain, cha 1887. Huyu ndiye yule wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambacho babu zetu walikisoma kwa Kiswahili. Nilipofungua nikakuta wasafiri wanatoka Lamu na kupanda Mto Tana kwa mitumbwi. Wanafikia misheni ya Mskoti kando ya mto, Wamasai wanaishambulia, damu inamwagika. Haggard hakuwahi kufika hapa. Aliutunga mto kutoka mezani kwake. Lakini kitabu kikiwa bado hakijatoka, mwaka 1886, mmishonari wa Kimethodisti Houghton na mkewe waliuawa kweli na Wamasai pale Golbanti, na Haggard akaongeza maelezo chini ya ukurasa kuutaja msiba huo.

Nilikaa na kitabu kile usiku kucha. Kilinichukiza mahali pengi, jinsi kinavyowaona Waafrika. Lakini kilichoniuma zaidi ni hesabu rahisi: mtu wa Uingereza asiyewahi kunywa maji ya Tana aliuweka mto huu katika riwaya zaidi ya miaka 130 iliyopita, na sisi tuliozaliwa ukingoni mwake, katika vitabu vyote nilivyovitaja hapo juu, hatumo.

Si kwamba hakuna habari. Kaburi la Fumo Liyongo, kwa masimulizi ya wazee, liko Ozi karibu na Kipini, na Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Wimbo wa taifa wa Kenya umechotwa kutoka bembelezo la akina mama wa Kipokomo. Witu ilikuwa usultani, ikawa chini ya Wajerumani mwaka 1885, ikakabidhiwa Waingereza 1890, na mwaka huo huo Wajerumani kadhaa wakauawa, na jeshi la majini la Waingereza likaja kuuchoma mji. Mtu angehitaji nini zaidi ili aandike riwaya? Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa hiyo hata lugha si kikwazo. Ninao vijana wawili wanaoniletea madaftari yao nisome. Mmoja ameanza na mafuriko, kijiji kikihamia juu ya tuta. Sura ya kwanza ni nzuri. Ya pili imejaa hotuba, nikamwambia.

Vipya utavijuaje, na utavipataje

Tuzo ni taa nzuri gizani. Tangu 2014 kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, sasa ikiitwa Safal-Cornell, na hupewa miswada mipya ya riwaya na mashairi. Kupitia tuzo hiyo nimewajua Anna Manyanza na Penzi la Damu, Ali Hilal Ali na Mmeza Fupa, na Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar na Mungu Hakopeshwi, ambayo inasimulia nyumba ya baba mkatili kwa Kiswahili cha watu wa visiwani. Tanzania sasa wana pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Hapa Kenya kuna Tuzo ya Jomo Kenyatta, ambayo ina kitengo cha Kiswahili. Matokeo yakitangazwa, andika jina la kitabu na la mwandishi mahali. Si kila mshindi atakupendeza, lakini angalau watu kadhaa wamekisoma kabla yako na kukubaliana.

Redio nayo isidharauliwe. Idhaa za Kiswahili za nje, na hata redio zetu za Pwani, huwahoji waandishi. Mahojiano ya dakika kumi yamenifanya ninunue vitabu vitatu.

Kuhusu kupata: mpigie muuzaji wa Mombasa au Nairobi kabla hujatuma pesa, umuulize kama anacho kitabu mkononi, si "nitakutafutia". Nilipoteza pesa kwa "nitakutafutia". Mwambie akipakie basi la Lamu, ulipokee Minjila au Garsen, na umwambie akifunge kwa plastiki. Vya Tanzania ni vigumu zaidi. Mtu wako akienda Dar es Salaam, mwagize apite duka la TPH barabara ya Samora, na umwandikie majina kwa herufi kubwa. Vile vya zamani ambavyo havichapishwi tena, tafuta kwa wauza vitabu chakavu na katika nyumba za walimu waliostaafu. Ongea na mjane wa mwalimu kwa adabu. Mara nyingi makabati yamejaa na hakuna anayeuliza.

Mtu atasema vitabu viko kwenye simu, vinatumwa kwenye makundi bure. Najua, hata hapa dukani huja mtu na simu akitaka nimchapishie riwaya nzima. Sifanyi. Zile nakala ni za wizi, na mwandishi wa Kiswahili hana kingine anachokula. Zile zilizo halali kwenye simu, za kununua, zinazidi kuongezeka, nazo zina faida moja ambayo mtu wa Delta anaielewa: maji hayazifiki.

Kwa vya karatasi, viweke juu. Rafu yangu ya chini kabisa sasa iko usawa wa kifua.

Na kama hakuna pesa kabisa, msome kwa pamoja. Sisi hukutana Ijumaa baada ya asri, chini ya mwarobaini nyuma ya duka, watu wanane au tisa, nakala moja. Anayesoma vizuri anasoma, wengine wanasikiliza, na anayetoka kumwagilia mbuzi anaulizia alichopitwa. Kwa njia hiyo tumemaliza Mzimu wa Watu wa Kale kwa wiki saba na Kuli kwa sita. Sasa tuko katikati ya Siku Njema, na msomaji wetu ni yule binti wa Tarasaa, ambaye hakuuza kitabu chake. Anasoma haraka mno tunapofika mahali pa huzuni, inabidi tumwambie arudie.

Vilivyopo dukani kwa kuazima wakati huu ni Utengano, Damu Nyeusi nakala mbili, Rosa Mistika isiyo na jalada, Peponi, na Kufa Kuzikana, ambayo hatimaye imerudi ikiwa na majina ya watu watano yaliyoandikwa ndani kwa kalamu tofauti. Daftari la kuandikisha liko juu ya mashine ya fotokopi. Mwenye Nyota ya Rehema asiyeihitaji, tafadhali aje tuzungumze.